Konfitiri ya Monitrise

Monitrise hakula konfitiri yake mwenyewe, ile jamu ya matunda, hata siku moja. Aliigusa kwa ncha ya ulimi, akasubiri kidogo macho yakiwa juu ya dari, akaitema ndani ya kitambaa, akasukutua mdomo kwa maji ya vuguvugu, kisha akatoa neno moja kati ya mawili: "Bado," au "Toa." Chai yake aliinywa bila sukari. Chakula alichokipenda kilikuwa bukari, ule ugali wetu wa hapa, na majani machungu ambayo hata mume wangu, asiyechagua chakula, aliyakimbia. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetia utamu vinywa vya nusu ya mtaa wetu hapa Likasi, na kinywa kimojawapo kilikuwa cha binti yangu.

Niseme mapema ili mtu asije akanishika uongo huko mbele: haya nayaandika kwa wivu. Nilimwonea wivu nikiwa mwanafunzi wake, nikamwonea wivu nikiwa jirani yake, na zaidi ya yote nilimwonea wivu nikiwa mama wa mtoto aliyemfuata yeye. Kama kuna mahali nimempunguzia sifa, msomaji amwongezee. Mahali nilipomsifu, ajue ni kweli tupu, maana mimi sikumsifu bure.

Jina la Monitrise lilitokana na kazi. Zamani alifundisha kwenye fuaye, nyumba ya wanawake ambako wake wa wafanyakazi wa kiwanda walijifunza kushona, kufuma sweta za watoto na kupika kwa kufuata karatasi za mapishi. Fuaye ilifungwa, mashine za kushona zikaondoka na waliojua njia ya kuziondoa, yeye akabaki na jina. Hata padri alimwita hivyo. Mimi nilikuwa katika kundi la mwisho alilolifundisha, mke kijana wa fundi wa umeme, na miaka michache baadaye tulipata nyumba iliyopakana na yake, ua mmoja wa miti kati yetu. Watu walinipa hongera kwa kupata jirani kama yule. Nilishukuru kwa mdomo.

Kwenye fuaye karatasi zilisema konfitiri ni ya fraise, stroberi za Ulaya. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona fraise. Monitrise mwenyewe hakuwahi kuiona. Lakini alisimama mbele yetu na aproni yake iliyopigwa pasi, akasoma: "Ondoeni vikonyo vya fraise, osheni bila kuponda," na sisi tukaandika kwenye madaftari, wanawake ishirini na kitu tunaosha tunda lisilokuwepo. Alifanya hivyo miaka mingi kabla sisi hatujafika. Halafu siku moja, katikati ya somo, aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni mwa aproni, akatoka nje. Alirudi na ndoo ya masuku.

Masuku ni matunda ya pori. Mvua zikianza huletwa kwa ndoo kutoka upande wa Kambove na kando ya barabara ya Mulungwishi, ya rangi ya udongo, ganda gumu, mbegu kubwa na nyama kiduchu. Kwetu ni kitu cha watoto: unavunja, unanyonya, unatema mbegu. Kuyapika kulikuwa sawa na kupika pipi. Mama mmoja alicheka kwa sauti.

"Cheka," Monitrise akamwambia, "lakini chekea inje, hapa mate yako itaingia mu nyungu."

Alitufundisha kuyakamua juu ya chujio kwa mwiko mpaka mbegu zibaki kavu. Alitufundisha kutia ndimu, kwa kuwa masuku ni matamu bila ukali. Na alitufundisha jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote, kwamba masuku peke yake hayagandi, lazima uyachanganye na goyave mbichi, yaani mapera, zile ngumu za kijani zinazouma meno, uzichemshe ndani ya kitambaa na kukamua maji yake. Hakuficha kitu. Alisema yote mbele ya wote, akarudia, akauliza kama tumeandika. Tulikwenda nyumbani, kila mmoja akapika, na hakuna hata mmoja aliyepata ile yake. Ya mwenzangu mmoja ilikuwa maji. Yangu ilikuwa gundi.

Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba kuna kitu anatunyima.

Alikuwa na namna yake ya kujua kama imeiva. Aligeuza sahani ya bati juu chini, akadondosha tone moja mgongoni mwake, akaiweka kwenye ubaridi wa dirisha, akahesabu polepole kwa Kifaransa, kisha akaisukuma kwa kidole. "Ikitembea, bado. Ikikunja uso, toa." Nimeona tone hilo likikunja uso mara mia, ngozi nyembamba inajikunyata mbele ya kidole. Langu lilitembea tu, au lilikuwa limeshakuwa jiwe.

Misemo alikuwa nayo mingi, na yote ilikuwa ya jikoni. Ukipika kwa pupa alikuambia, "Sukari haina haraka, ni weye njo uko na haraka." Umeme ukikatika, na unakatika sana ingawa Koni na bwawa lake la umeme haiko mbali nasi, sisi tulilalamika mpaka mishipa ya shingo itoke. Yeye alikoka makala, yaani makaa, kwenye mbabula yake, jiko la bati, na kusema moto wa makala unakusikia, ule wa waya hausikii mtu. Kuhusu vyombo alisema, "Bokali chafu inakumbukaka." Bokali ndiyo chupa ya konfitiri, ya kioo, yenye mdomo mpana. Konfitiri yake hakuiuza kamwe. Aligawa. Lakini ole wako usirudishe bokali, au uirudishe na harufu ya mafuta. Kwa kosa hilo aliweza kukupita msimu mzima bila kukuonjesha, akikusalimia kwa adabu zote kila asubuhi.

Mtu huyohuyo, mkali wa bokali, aliweza kusamehe mambo ambayo mimi nisingeyasamehe. Kulikuwa na mke wa mchungaji wa kikundi kimoja cha maombi mtaani, kikundi ambacho kimeshahama. Huyo alianza kunong'ona kwamba mwanamke asiye na mtoto, ambaye watoto wa wengine wanajazana mlangoni pake kwa sababu ya vitu vitamu, si mtu wa kawaida. Kwetu maneno hayo ya uchawi si mchezo. Yanaweza kumtoa mzee ndani ya nyumba yake. Yalinifikia kisimani, na yule aliyeniletea alinitazama, akingoja mimi jirani niseme neno. Sikusema. Nilijaza ndoo yangu, nikaondoka. Sasa ninaona aibu kuliandika, lakini ndani ya kunyamaza kwangu mlikuwa na raha.

Monitrise alipoyasikia alimpelekea yule mama bokali mbili za masuku, moja ya kula na moja, alisema, ya kuombea. Maneno yakaisha. Wiki hiyohiyo alimfukuza shemasi uani kwake kwa sababu alirudisha bokali bila kifuniko. Mjue mwenyewe mtu wa namna gani.

Sasa Nadine.

Mimi nilikuwa nauza nguo za mitumba sokoni, natoka asubuhi na mapema, narudi jua limechoka. Mume wangu alikuwa kazini. Nadine alipotoka shule alikuta nyumba yetu ina kufuli na ya jirani ina harufu ya sukari inayochemka. Ningefanya nini, mtoto wa miaka saba? Nilimwomba Monitrise amwangalie, naye akakubali kabla sijamaliza sentensi. Nilishukuru, tena safari hiyo kwa moyo. Baada ya mwaka mmoja sikuwa nashukuru tena. Mtoto alirudi vidole vinanata, na kila alichosema kilianza na, "Monitrise alisema." Monitrise alisema nywele zisifungwe kwa nguvu. Monitrise alisema mtu asimeze chakula anapokasirika. Nikimwita aje kulala, alijibu kutoka ng'ambo ya ua, "Mama, bado tone!" nikajua wapo dirishani, vichwa viwili juu ya sahani, wanahesabu.

Nilijaribu kumvuta. Nilimletea gauni kutoka sokoni, lile zuri kabisa la kwenye fungu, la bluu lenye mkanda. Akalivaa, akapendeza, akakimbia kwenda kumwonyesha Monitrise.

Siku alipovunja ungo alikuwa na miaka kumi na tatu. Niliporudi nilimkuta ameoga, ametulia, amejifunga kikwembe, kitenge cha Monitrise, mambo yote ameshaelezwa. Kila mama hapa kwetu anajiandaa kwa siku hiyo. Mimi nilikuwa na maneno yangu, ya mama yangu na ya bibi yangu, niliyatunza miaka. Nilibaki nayo mdomoni. Nilikwenda mpaka kwenye ua, nikamwita.

"Monitrise, juu ya nini haukuningojea?"

"Mutoto alikuwa analia, Mama Nadine. Mutoto anayelia, hatumungojeshe."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo sikuweza kumsamehe. Angekosea kidogo tu katika maisha yake, ningempenda.

Kuna sufuria sijaitaja. Sufuria yake ya konfitiri ilikuwa ya shaba, pana, ya mdomo wazi, aliyofuliwa na marehemu mume wake, fundi wa karakana. Iling'aa. Hakuna mwingine mtaani aliyekuwa nayo. Sisi tulipikia alumini. Basi baada ya mambo ya kikwembe niliamua kwamba siri ni sufuria. Nilitafuta fundi, nikamtafutia na kipande cha bati la shaba lililotoka Kambove, akanifulia ya kwangu, kubwa kuliko yake. Niliipitisha kimakusudi upande wa ua wake. Aliiona. Alisema tu, "Iko muzuri. Usiilazie kintu ndani."

Nilicheka moyoni. Sisi ni watu wa shaba. Baba zetu waliichimba, waume zetu wanaiyeyusha, vumbi lake tumelila tangu kunyonya. Itanifanya nini? Nilidhani ni husuda. Nilikamua masuku na goyave jioni, nikatia ndimu nyingi ili igande vizuri, nikafunika, nikaacha mpaka asubuhi, nikapika, nikaweka kwenye bokali, na Jumapili nikazipeleka parokiani kwenye chakula cha akina mama baada ya misa. Sikuonja. Nilitaka kuonja mbele ya watu, pamoja nao, nikisifiwa.

Nadine alikuwa amekaa karibu na Monitrise. Monitrise aligusa kwa ncha ya ulimi kama kawaida yake. Hakutazama dari. Alitema ndani ya kitambaa, akasimama mzima, akapaza ile sauti ya fuaye:

"Bamama, musikule iyi. Shaba imelala ndani."

Vijiko vikarudi mezani. Wengine walikuwa wameshatia mdomoni, wakaona ladha ya msumari, wakatoka nje kutema. Nilikusanya bokali zangu moja moja. Najua sasa kwamba ndimu na shaba vikilala pamoja hutoa sumu, kwamba pengine aliokoa matumbo ya watu thelathini, pamoja na la mtoto wangu. Siku ile nilijua jambo moja tu, kwamba binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa, na aliona haya kwa ajili yangu. Hatukusemeshana, mimi na Monitrise, mpaka mvua zilipokwisha. Ile sufuria niliifanya ya kufulia.

Miaka ilipita hivyo. Salamu juu ya ua, bokali inakuja, bokali inarudi ikiwa safi. Nadine alikua, akaolewa Kolwezi. Siku ya kumsindikiza alilia shingoni kwangu, akalia na shingoni kwa Monitrise. Nilikuwa nahesabu, Mungu anisamehe. Kwa Monitrise alilia zaidi.

Mwaka jana mvua zilipoanza Nadine alinipigia simu, sauti imepungua. Alikuwa na mimba ya kwanza, na kila alichokula kilitoka. Bukari ulitoka, uji ulitoka, hata maji yalitoka. Nikamwambia nitakuja, nitampikia mwenyewe.

"Hapana Mama, usichoke. Minye naona tu masuku mu kichwa. Omba Monitrise anipikie. Ile yake njo haitatoka."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Mtoto wangu ana njaa, na chakula kinachoweza kukaa tumboni mwake kiko kwa jirani. Nikajifunga kikwembe, nikaenda kuomba.

Monitrise alikuwa amezeeka haraka baada ya ugonjwa wa mwaka uliotangulia. Alitembea kwa fimbo, na jicho moja lilikuwa na ukungu. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema nirudi kesho kutwa. Niliporudi, bokali sita zilikuwa zimepangwa mezani, zimefutwa zinang'aa. Hakunipa. Alinisukumia kijiko.

"Onja."

"Minye? Onja weye, Monitrise."

"Minye sina ulimi tena. Tangu ile ugonjwa. Sukari, chumvi, majani, yote iko sawa tu." Alisema bila kujihurumia. "Bamama batatu balishaonja. Banasema iko bien."

"Kama banasema iko bien…"

"Aba bananiheshimu. Weye unanioneaka wivu. Onja."

Niliuliza alijua tangu lini. Akajibu, tangu fuaye, na kwamba nisichelewe, gari la Kolwezi linaondoka kesho.

Nikaonja. Ilikuwa imeungua. Si sana, chini kabisa ya utamu kulikuwa na moshi mchungu, ule unaobaki kooni. Miaka yote hiyo nilikuwa nangojea siku moja tu akosee, na siku yenyewe ilikuwa imefika, ndani ya kijiko, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Ningesema iko bien, iko nzuri, kama wale watatu. Nadine angefungua, angetema, na ingekuwa mwisho wa "Monitrise alisema." Niliwaza hivyo. Nilikiwaza kitu hicho huku nikimjua mtoto wangu amelala Kolwezi na tumbo tupu.

"Imeungua," nikasema.

Alifumba macho. Nilidhani atalia.

"Merci," akashukuru. "Masuku ingine iko mu ndoo, inje. Weye utapika. Minye nitaikala."

Nilipika katika sufuria yake ya shaba, juu ya mbabula yake, yeye akiwa kwenye kiti kifupi nyuma yangu. Nilikamua mpaka mbegu zikabaki kavu. Nilichemsha goyave mbichi ndani ya kitambaa. Hakunielekeza neno. Mara moja tu alisema, "Isilale umo ndani," nami nikajibu, "Najua," na sote wawili tukacheka, kwa mara ya kwanza pamoja. Niliweka tone kwenye mgongo wa sahani, nikalisukuma, likatembea. Nikaweka la pili. Nikaweka la tatu, likakunja uso. Nikageuka kumngojea aseme. Hakusema. Jicho lake halikuweza kuona tone, na ulimi wake haukuwepo, naye alikuwa amekaa tu, mikono juu ya fimbo.

"Toa," nikasema mimi.

Siku ya nne baada ya bokali kwenda Kolwezi nilikuwa kwake namenya goyave, maana tulikubaliana tupike nyingine, wakati simu yake ilipolia. Nilimshikia, nikaweka sauti ya juu.

"Allô, Monitrise! Nimekula! Nimekula mikate mbili na konfitiri, na haikutoka! Leo nimelala vizuri!"

"Asante kwa Mungu, ma fille."

"Mama iko hapo?"

"Iko hapa, anasikia."

"Mama, weye ulionja? Ni ile ile ya utoto wangu, hata kidogo haikubadirika. Hakuna muntu anaweza kupika vile, kweli. Mama, jifunza kwake wakati iko muzima. Siku ingine minye nitaomba kwa nani?"

Nikamtazama Monitrise. Huyu ndiye aliyesimama mbele ya parokia nzima kwa ajili ya ukweli wa kijiko kimoja. Nikangojea. Alilainisha kikwembe chake magotini, polepole.

"Usiogope, Nadine," akasema. "Mama yako ataweza."

Nadine akacheka, kicheko cha mtoto anayempenda mama yake na anayemjua. "Mama? Konfitiri?"

Neno lilikuwa limefika kwenye meno yangu. Ni mimi. Ni mimi niliyepika, muulize. Monitrise hakuwa ananitazama; alikuwa ameinamia simu mikononi mwangu kwa sikio lake zima, asikose hata pumzi ya yule mtoto. Hakuwa na mtoto mwingine wa kumpigia simu. Wivu ulinirudia, na safari hii sikujua ninamwonea nani, yeye au mikono yangu mwenyewe.

"Mama, uko unanisikia?"

"Nakusikia, mwana wangu," nikasema. "Nitajaribu."